Mkwe Aliyekumbatia Jeneza

Uvumi ule Sajenti Nabwile aliupata kwa msusi pale Kibomet, nywele zake zikiwa zimesukwa upande mmoja tu. Mama mmoja aliyekuwa akingoja zamu alisema ati yule msichana anayelia kwenye ile sinema ya zamani ya magendo hakuwa akiigiza. Alikufa kweli, kamera ikimtazama. Na tangu siku hiyo, mama akaendelea huku akichambua pamba ya nywele, sinema yenyewe imebaki na njaa. Ikikaa miaka inatafuta msichana mwingine wa kulia, na ikishampata haimrudishi. Wanawake wakacheka. Halafu mmoja akauliza kama ni ile inayoonyeshwa Bungoma, na kicheko kikakatika pale pale.

Kazi ya Nabwile ilikuwa kuuliza nani alisema, alimsikia nani, na huyo naye aliambiwa wapi, mpaka maneno yaishie kwa mtu mmoja asiye na jibu. Miaka kumi na sita alikuwa kwa idara ya upelelezi Kitale, na uvumi wa sokoni haukuwa umemnyima usingizi hata siku moja. Huu ulimganda. Jioni ile alihesabu viatu mlangoni kabla ya kufunga komeo, akarudi akahesabu tena. Binti yake alikuwa na miaka kumi na sita.

Kilichofanya uvumi umgande ni faili iliyokuwa mezani kwake. Wiki tatu nyuma, watu wa kuchota maji walimkuta msichana chini ya daraja, upande wa Kiminini. Jina lake Wakiuru, wa Saboti, miaka kumi na minane. Hakuwa na jeraha la kisu. Alikuwa amekufa maji, na pale alipokuwa, mto haukufika magotini. Kichwani alikuwa amefungwa leso nyeusi kama mtu aliyefiwa, na kwao hakuna aliyekuwa amekufa. Ndani ya sidiria walipata karatasi yenye mwandiko wake mwenyewe, maneno manne tu: Mama, umeniacha na nani? Mkubwa wa kituo aliisoma akasema hiyo ni barua ya kuaga, mtoto amejiua, faili ifungwe. Nabwile hakuifunga.

Jumatatu asubuhi akaja Sellah, mama wa kushona nguo pale Kibomet. Alikuwa amebeba daftari ndani ya mfuko wa unga. Binti yake Emmy, aliyemaliza shule mwaka jana, alitoka Jumapili baada ya kanisa, akasema anaenda mazoezi ya kwaya. Kwaya haikuwa na mazoezi. Sellah alingoja usiku kucha, kulipokucha akainua godoro, akapata daftari.

Nabwile alilifungua. Ukurasa baada ya ukurasa, kwa kalamu ya bluu, Emmy alikuwa ameandika mstari mmoja. Mama, umeniacha na nani? Mahali pengine alikuwa amepiga mstari chini ya neno "mama", pengine chini ya "nani", kama mtu anayejaribu sauti.

"Mimi sijamwacha," Sellah alisema. "Afande, mimi nilikuwa hapo hapo kwa cherehani. Angeniuliza."

Nabwile hakumwonyesha karatasi ya Wakiuru. Alimuuliza kama Emmy alikuwa na rafiki wa kumwambia mambo yake, na kabla ya saa sita mchana rafiki huyo alikuwa ameketi mbele yake akilia. Alisema Emmy aliapishwa asiseme. Kuna watu wanatengeneza sehemu ya pili ya ile sinema ya magendo, Njia ya Lwakhakha, na Emmy amechaguliwa kuwa ndiye yule msichana wa kulia. Nani alimchagua? Rafiki hakumjua. Emmy alimwita "Director" tu, kwa heshima, kama mtu anavyosema "Pasta".

Sinema hiyo ilikuwa ikionyeshwa mahali pamoja tu siku hizo, kwa ukumbi wa video wa mzee Mukhwana, Bungoma. Polisi wa huko walipopigiwa simu hawakungoja. Kufikia jioni Mukhwana alikuwa ndani ya seli, mshipi na kamba za viatu zimechukuliwa, na mkubwa wa kituo cha Kitale alikuwa akimpongeza Nabwile kwa kazi nzuri. Lakini Emmy hakuwa kwa Mukhwana. Hakuwa kwenye ukumbi, wala nyumbani kwake, wala kwa ndugu zake. Na kila saa iliyopita, Nabwile alikuwa akifikiria maji yasiyofika magotini.

Jumanne aliteremka Bungoma na Konstebo Waithaka. Waithaka alikuwa na miaka hamsini na miwili, mtu wa familia zilizotoka Mkoa wa Kati zikapewa shamba Trans-Nzoia kabla yeye hajazaliwa. Hakuwa amepandishwa cheo tangu aajiriwe, na hakuwa amelalamika. Alikuwa ametolewa kwa kizuizi cha Kiminini juzi tu kuja kusaidia upelelezi, kwa sababu anaijua barabara ya Webuye shimo kwa shimo.

Mukhwana alikana yote. Alisema yeye huonyesha sinema, hatengenezi. Kuhusu yule msichana wa kwanza, aliyesemekana alikufa kamera ikimtazama, alimwangalia Nabwile kama anayeangalia mtoto.

"Dada yangu, yule anauza ndizi Webuye. Ana wajukuu wanne. Akisikia umemwua, atakuja hapa akuchape na mkungu."

Nabwile aliandika hilo. Halafu akaomba mzee atolewe seli, apelekwe kwa ukumbi wake, awashe kanda ya sinema hiyo, Nabwile aione kwa macho yake mwenyewe. Askari wa zamu alinung'unika kwamba kanda hata wao wanaweza kuiwasha. Hawakuweza. Kanda ilikuwa imechakaa, na ni Mukhwana peke yake aliyejua kwamba lazima uweke kiberiti kitupu chini ya mashine upande wa kushoto ndiyo picha isimame.

Ukumbi ulikuwa wa mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya sanduku la soda. Watu walipoona mlango wa Mukhwana umefunguliwa walianza kuingia mmoja mmoja. Askari alitaka kuwafukuza, Nabwile akamwambia awaache. Akina mama waliotoka sokoni, wazee wawili, vijana wa boda boda. Walikaa kama watu waliorudi kwao.

Sinema yenyewe ilikuwa ya wasio na kitu. Ilitengenezwa miaka ya themanini na watu waliotoka Nairobi na kamera moja na pikapu ya kuazima. Saa iliyovaliwa na polisi ndiyo hiyo hiyo iliyovaliwa na mlanguzi dakika kumi baadaye. Damu ilikuwa nyanya, na mbegu zilionekana. Kuna mbuzi mmoja aliyevuka barabara mara tatu, mara zote kwa haraka ile ile. Hadithi ilikuwa ya kahawa ya magendo, inatoka ng'ambo ya mpaka ikiwa imefichwa ndani ya jeneza. Nyuma ya pikapu kuna mwanamume amelala kifudifudi juu ya jeneza, amelikumbatia kwa mikono miwili, na kando yake msichana wa leso nyeusi. Polisi wa kizuizi anauliza nani amekufa.

"Ni mama mkwe wangu," yule mwanamume anasema, na kulibusu jeneza.

Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko. Mama mmoja alijifunika uso na kitenge. Mzee wa mbele alipiga benchi kwa fimbo akauliza huyu ameoa wapi, na mwenzake akamjibu kwamba huyu bado anatafuta. Ilionekana wanafanya mzaha huo kila mara, na kila mara unawafurahisha upya.

Halafu msichana akainua uso, akalia kwa sauti nyembamba, "Mama, umeniacha na nani?"

Nabwile akaikumbuka karatasi ya Wakiuru. Haikuwa barua ya kuaga. Wakiuru hakumwandikia mama yake. Alikuwa akikariri.

Sinema iliendelea. Mwishoni walanguzi waliona yule msichana anajua mengi, wakamteremsha mtoni wakamzamisha. Hapo hakuna aliyecheka.

Waithaka alimwinamia Nabwile akamuuliza kwa sauti ya chini watu walikuwa wakicheka nini pale kwenye jeneza. Yeye hakuona mzaha. Nabwile akamweleza kwamba kwao Bungoma mwanamume hamkaribii mama mkwe. Hamshiki mkono, hali chakula mbele yake, akikutana naye njiani anaacha njia. Na akifa ni vile vile. Mkwe anakuja matanga na watu wake, wanakaa hema yao mbali, na gari la maiti hapandi kabisa. Mtu kumlalia mama mkwe juu ya jeneza na kulibusu, hata mlevi wa huku hawezi. Waliotengeneza sinema walikuwa wageni na hakuna aliyewaambia. Ndiyo maana ni kichekesho mpaka leo.

Waithaka akasimama, akatoka nje, na Nabwile alipomfuata alimkuta ameshika ukuta wa mabati.

"Madam, mimi nimemwona huyo mtu."

"Huyo ni mwigizaji. Saa hii ni mzee."

"Sisemi wa kwa TV. Nasema wa barabarani. Kiminini."

Ilikuwa Ijumaa, siku moja kabla Wakiuru hajaokotwa. Pikapu nyeupe ilikuja kutoka upande wa Webuye, na matawi yamefungwa mbele kama gari lolote la matanga. Mwanamume alikuwa amelala juu ya jeneza, amelikumbatia. Msichana wa leso nyeusi alikuwa akilia. Nyuma yao gari dogo, na mtu ametoa kamera dirishani, lakini siku hizi matanga gani hayapigwi video? Waithaka aliuliza nani amekufa. Mwanamume akasema mama mkwe.

"Nilivua kofia," Waithaka alisema. "Nikamwambia yule mtoto pole. Nikavuta ile miiba ya chuma ya kuzuia magari na mikono yangu mwenyewe, wapite."

Nabwile alikuwa akipanga mambo kichwani. Mtu ameiona sinema, akaiga mbinu yake yote ya kuvusha magendo: jeneza, leso, kilio, maneno. Ameiga na kosa lake. Mukhwana ameonyesha sinema hiyo miaka kumi na miwili, na kila Jumapili anasikia ukumbi ukicheka pale pale. Mukhwana angeiba yote lakini kosa hilo asingeliiba. Huyu mwingine aliitazama peke yake, au mahali ambapo hakuna aliyejua kucheka.

Alirudi ndani akamuuliza Mukhwana nani mwingine amewahi kukaa na hiyo kanda. Mzee alifikiri. Hakuna mtu. Ila mwaka jana mashine iliitafuna, akaipeleka Kitale kwa Kizito, yule kijana wa studio anayepiga video za harusi. Kizito alikaa nayo wiki mbili. Aliirudisha ikiwa nzima, na hakutaka malipo. Mukhwana alikuwa bado anamwombea baraka kwa jambo hilo.

Jumatano Nabwile aliacha bunduki na kitambulisho kwenye droo. Alivaa gauni, akafunga kitambaa cha akina mama wa kanisa, akaingia kwa studio ya Kizito kama mtu aliyefiwa. Waithaka alibaki ng'ambo ya barabara akinunua mahindi ya kuchoma asiyokuwa na hamu nayo.

Kizito alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, msafi, sauti ya chini. Alimpa kiti, akamletea maji kabla hajaombwa. Nabwile alimsalimia kwa lugha ya nyumbani kwa sababu ya jina lake, na yeye akajibu kwa Kiswahili, akacheka kwa aibu. Baba yake ni wa Bungoma, alisema, lakini yeye amezaliwa Nakuru kwa nyumba za reli, lugha anasikia tu kidogo.

Nabwile akamwambia mama yake amelala mochari, wanataka video ya mazishi. Walizungumza juu ya jua, juu ya umeme, juu ya kwaya. Ndipo akasema, kama mtu anayefikiria jambo dogo, kwamba mume wake ni mtu wa kuona haya, sijui picha zake zitakuwaje.

"Aone haya ya nini, mama? Mweke karibu na sanduku," Kizito alisema. "Hata alishike. Mkwe akilia juu ya sanduku, hiyo video watu wanaangalia miaka. Mimi nawaambia kila siku."

Alisema kwa upole, mtu anayeipenda kazi yake. Nabwile alikunywa maji yote ili asilazimike kujibu haraka.

Aliuliza kama anaweza kuja Ijumaa. Kizito akasema Ijumaa ameshikwa, kuna kazi tangu asubuhi, lakini Jumamosi ni wake kabisa. Ukutani nyuma yake palikuwa na ubao wa chaki wenye kazi za mwezi. Kila siku ilikuwa na jina la mteja na mahali: harusi ya fulani, Kibomet, ubatizo, Saboti, wazazi wa shule fulani. Kwenye Ijumaa palikuwa na mstari tu, hakuna jina. Nabwile alihesabu kurudi nyuma wiki tatu. Ijumaa ile nayo ilikuwa na mstari.

Nje, Waithaka alitaka wamkamate hapo hapo. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na sasa alikuwa ameipandisha mpaka muuza mahindi akageuka. Nabwile alimvuta kando.

"Emmy yuko wapi?" alimuuliza.

Waithaka hakujua.

"Hata mimi sijui. Na aliye naye si huyu, huyu yuko hapa anauza sura. Tukimfunga pingu saa hii, huko aliko Emmy watasikia kabla hatujafika kituoni. Watafanya nini na yeye, mzee? Wewe umeona walivyofanya."

Kwa hiyo walimwacha. Nabwile aliujua uzito wa jambo hilo na aliuandika kwenye faili kwa jina lake, ili kama litaharibika asisingiziwe mwingine. Jioni Sellah alikuwa amekaa kwenye ngazi za kituo, hakuuliza mengi. Aliuliza tu kama mtoto yuko hai. Nabwile akamwambia wanafuatilia. Sellah akaitika kwa kichwa na kubaki amekaa pale pale.

Alhamisi walizunguka mochari, moja baada ya nyingine, Bungoma, Webuye, mpaka zile ndogo. Hawakuuliza juu ya magendo. Waliuliza wahudumu ni maiti ngapi zinatoka kesho kuelekea Kitale, za nani, saa ngapi, kibali cha kuzika kiko kwa jina gani. Ijumaa ndiyo siku ya kuchukua maiti, na barabara ile hujaa. Walipata saba. Nabwile aliyaandika majina saba kwenye ukurasa wa daftari lake. Jeneza la nane, likija, litakuwa halikutoka mochari.

Lakini gari linaweza kuja na jina la kukopa. Na huwezi kufungua majeneza ya watu waliofiwa katikati ya barabara, ukikosea mara moja tu habari inafika Webuye kabla yako, na wale wengine wanageuza gari. Nabwile alilala na swali hilo, na asubuhi alikuwa na jibu.

Kizuizi cha Kiminini kiliwekwa saa mbili asubuhi, kama kawaida, askari watatu na miiba. Gari la kwanza la matanga lilifika saa tatu na nusu, wanaimba. Waithaka alivua kofia, Nabwile akasogea kwa dereva akatoa pole, akauliza nani amelala. Mama yetu, walisema. Akauliza wakwe wako wapi. Wakaonyesha nyuma kabisa, basi dogo la mwisho, wanaume wametazama upande mwingine kwa adabu. Wakapita. La pili lilikuwa la mzee, likapita. La tatu, wakwe walikuwa hata hawajaondoka Bungoma, watafuata jioni. Likapita. Saa nne. Saa tano. Majina matano yalikuwa yamekatwa, na Nabwile alianza kufikiri juu ya njia za mashambani, ile ya kupitia kwa mahindi, ile ya nyuma ya kinu. Alifikiri pengine Kizito alimtambua. Pengine Ijumaa ya mstari ilikuwa imehamishwa Alhamisi, na walipokuwa wakihesabu maiti mochari, mtoto wa Sellah alikuwa tayari darajani.

Saa tano na robo ikatokea pikapu nyeupe, matawi mbele. Nyuma yake gari dogo.

Juu ya jeneza palikuwa na mwanamume amelala kifudifudi, amelikumbatia.

"Ndiye?" Nabwile aliuliza bila kugeuza uso.

"Ndiye," Waithaka alisema.

Mwanamume huyo, ambaye baadaye walijua anaitwa Absalom, aliinua uso uliolowa machozi ya kweli. Nabwile alimpa pole. Akamuuliza nani amekufa.

"Mama mkwe, afande. Alikuwa kama mama yangu mzazi."

Kando yake alikuwa msichana wa leso nyeusi. Alikuwa amekonda kwa siku tano, lakini ni yule wa kwenye picha ya Sellah. Alimwangalia Nabwile, sare yake, bunduki ya Waithaka, ile miiba barabarani, na macho yake hayakuomba msaada. Yalifurahi. Halafu akavuta pumzi, akainua kichwa kidogo upande wa gari dogo, na kulia kwa sauti nyembamba iliyosimamisha nywele za kila askari pale.

"Mama, umeniacha na nani?"

Nabwile alipandisha mguu kwenye pikapu akamshika mkono. Alimwita jina lake. Emmy akamnong'oneza, bado machozi yanateremka, bila kusogeza midomo:

"Siitwi hivyo ndani ya sinema. Sema maneno yako."

"Emmy, mimi ni polisi."

"Najua. Umetoka poa. Si uendelee, atakasirika, leo lazima tumalize. Imebaki ile ya mtoni tu."

Hapo Nabwile alimvuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Wakaanguka pamoja barabarani, leso ikatoka. Dereva aliruka akaingia kwenye mahindi na hakuonekana tena siku hiyo. Absalom aliachia jeneza akainua mikono. Kwenye gari dogo Waithaka alikuwa tayari amefungua mlango. Kizito hakukimbia. Alikuwa bado ameshikilia kamera begani na taa nyekundu inawaka, na Waithaka, mtu mpole, aliichukua kutoka begani kwake kama anayempokonya mtoto kisu.

Walifungua jeneza palepale. Ndani mlikuwa na mablanketi mawili, na chini ya mablanketi masanduku ya risasi, yamepangwa vizuri kuliko duka.

Emmy alikuwa amekaa chini kwenye kokoto, Nabwile amemshika mabegani. Aliziona risasi. Akamwangalia Kizito aliyefungwa pingu, akangoja. Aliendelea kungoja. Mwishowe akauliza kwa sauti ya mtoto kabisa:

"Hajasema kata. Mbona hasemi kata?"

Daraja lilikuwa hapo mbele tu, barabara inapoteremka.

Mchana ule walipeleka kanda ya Kizito kituoni, wakaiangalia kwenye televisheni ya mkubwa. Haikuwa na pikapu peke yake. Kabla ya pikapu kulikuwa na wasichana, mmoja mmoja, wamesimama mbele ya shuka jeupe. Kila mmoja alitaja jina lake na kwao, akatabasamu, kisha akalia, Mama, umeniacha na nani, na kuuliza kama amefanya vizuri. Sauti ya Kizito iliwaambia wamefanya vizuri sana, warudi nyumbani wasimwambie mtu, wangoje kuitwa. Walikuwa kumi na mmoja. Wa kwanza alikuwa Wakiuru. Wa tatu Emmy. Wengine tisa walikuwa wa Kitale, wa Kiminini, wa Bungoma, wa Webuye, na wote walikuwa nyumbani kwao saa hiyo, wanakariri.

Kizito alipoulizwa nani anayemtuma, alisema yeye ni mpiga picha tu, na kwamba wapiga picha wako wengi.

Askari walitawanyika kuwatafuta wale tisa. Nabwile alimwacha Emmy mikononi mwa Sellah, ambaye alikuwa amemshika, hamwachii. Halafu akachukua karatasi. Hakuwa mtu wa kuandika barua nzuri. Aliandika kwa herufi kubwa, akatoa nakala arobaini, ili isomwe Jumapili makanisani, Kitale na Bungoma, na ibandikwe sokoni na kwenye mlango wa Mukhwana.

WAZAZI NA WASICHANA, EPUKENI HAYA:

Mtu anayemwambia binti yako ana sura ya sinema kabla hajaja kukusalimia wewe nyumbani.

Kazi yoyote inayoanza kwa kuambiwa usiseme.

Mtu anayeitwa kwa cheo tu. Kama hujui jina lake, kwao na mtu mmoja anayemfahamu, usimpe mtoto.

Kupanda gari la matanga ya watu usiowajua, hata kama ni kuomba lifti, hata kama mvua inanyesha.

Kuvaa nguo ya msiba ambayo si ya msiba wenu.

Kulia kwa ajili ya kamera.

Kupiga picha au video mahali ambapo mlango unafungwa kwa ndani.

Kwenda mtoni na mtu yeyote kwa sababu yoyote anayokupa.

Ukiona mtoto anaandika maneno yale yale mara nyingi, usilifunge daftari. Muulize.

Askari, epukeni kuvua kofia kabla ya kuuliza maswali.

Na akirudi, usimwambie alikuwa mjinga. Wako tisa wanaosikiliza utamjibu nini.